Video ya Shamba Ianzie Barabarani

Mbulumbulu, wilayani Karatu, si rahisi kupiga picha mbaya kwa droni. Upande mmoja kuna msitu wa Ngorongoro. Upande wa pili, ukingo wa Bonde la Ufa, ardhi inakatika ghafla na macho yanatua chini kabisa kwenye tambarare. Katikati ni mashamba ya ngano, mahindi na maharage. Dalali akirusha droni yake dakika mbili na kuweka muziki, simu zinaanza kuita.

Wengi wa wanaopiga wako mbali: Arusha, Dar es Salaam, hata Muscat. Video ndiyo miguu yao. Kwa hiyo inapaswa kutembea shambani kama mnunuzi mwenyewe angetembea, na video nyingi za viwanja na mashamba hazifanyi hivyo. Zinaanzia angani na kubaki hukohuko.

Kamera ikitazama chini moja kwa moja, mteremko mkali huonekana sawa kama uwanja wa mpira. Lenzi pana huisogeza mbali nyumba ya jirani, na ekari moja ikaonekana tatu. Jua la saa sita mchana hufuta vivuli, na vivuli ndivyo vinavyofichua makorongo. Katika nyanda hizi mmomonyoko si jambo dogo: mfereji wa leo waweza kula kona nzima ya shamba baada ya masika machache.

Mpiga picha anayeiheshimu kazi yake huruka asubuhi, ukungu ukishaondoka na jua likiwa bado chini. Aanzie barabara kuu, droni ikiwa kwenye kimo cha paa, aifuate njia ya kuingilia bila kukata picha hadi bikoni ya kwanza. Azunguke mipaka yote, ndipo apande juu kuonyesha bonde. Aonyeshe maji yanakotoka, nguzo ya umeme iliyo karibu, na umbali wa msitu, maana wakulima wanaopakana nao hukesha wakilinda mazao dhidi ya tembo na nyati. Njia ya kuingilia ionekane pia wakati wa mvua, matope yakiwa yamejaa.

Aonyeshe watu pia. Upper Kitete, kijiji cha hukohuko Mbulumbulu, kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kama mradi wa makazi ya wakulima. Kuipiga picha Mbulumbulu kama pori tupu linalosubiri hoteli ni kuwafuta watu hao.

Kwamba droni inaweza kusema kweli, Zanzibar ilishathibitisha. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilianza kurusha droni ndogo juu ya Unguja na Pemba ili kuchora ramani ya visiwa hivyo. Picha zile zilipigwa kwa ajili ya kupima ardhi, si kuipamba.

Kuna sheria pia. Droni ya kibiashara inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kuirusha ndani ya hifadhi bila ruhusa ni kosa. Aidha, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Mnunuzi asitume hata shilingi kabla ya mtu wake kufika kwenye ofisi ya halmashauri hiyo. Dalali naye aseme ndani ya video kama halmashauri imeridhia. Kama bado, asiisambaze.