Wakili Kasifiwa, Marehemu Kasahauliwa

Juzi kwenye mahafali ya kidato cha nne, chini ya turubai, jua likichoma, nilimsikiliza mgeni rasmi akiwausia wahitimu. Ni wakili mwenye jina lake mjini. Alisema kuna kitabu kimoja cha Kimarekani kilichomfanya asomee sheria, na kwamba kitabu hicho ndicho kilichowafundisha Wamarekani haki ni nini. Kitabu chenyewe ni To Kill a Mockingbird cha Harper Lee. Akawataka watoto wote wawe kama Atticus Finch, wakili wa Kizungu aliyesimama mahakamani kumtetea mtu mweusi. Makofi yakapigwa, akina mama wakapiga vigelegele. Mpwa wangu, mmoja wa wahitimu, akaninong'oneza: "Mjomba, huyo mtu mweusi alishinda kesi?"

Mgeni rasmi alikuwa amezungumza zaidi ya nusu saa bila kulitaja jina la mtu huyo. Anaitwa Tom Robinson. Hakushinda. Alipatikana na hatia ya kumbaka mwanamke ambaye hakumfanyia lolote, akapelekwa gerezani, na huko akapigwa risasi 17 akijaribu kuparamia uzio atoroke. Ana mke na watoto. Mkono wake mmoja ulipooza tangu utotoni, uliponaswa na mashine ya kuchambua pamba. Hayo yote yamo kitabuni, na wala hayajafichwa.

Nimesikia hadithi ya Atticus kwenye semina, redioni, kanisani, na sasa kwenye mahafali, na kila mara inasimuliwa hivyo hivyo: wakili mwema, hotuba nzuri, basi. Sitaki tena kunyamaza. Imani kwamba riwaya hii ni dawa ya ubaguzi na kwamba dawa yenyewe ni Atticus ni uongo mtamu, na waliofaidika na uongo huo ni watu wale wale ambao kitabu kilipaswa kuwaumiza.

Angalieni heshima aliyorundikiwa Atticus. Riwaya ilitoka Julai 1960, ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1961, na zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 30. Filamu yake ya 1962 ilimpa Gregory Peck tuzo ya Oscar. Mwaka 2003 Taasisi ya Filamu ya Marekani ilimtaja Atticus kuwa shujaa namba moja katika historia ya filamu za nchi hiyo. Mwaka 1997 chama cha mawakili cha Alabama kilimjengea mnara katika mji wa Monroeville, alikozaliwa Harper Lee. Mnara wa wakili ambaye hakuwahi kuwepo duniani, na ambaye hata ndani ya hadithi mteja wake alizikwa! Na Tom Robinson yuko wapi?

Wengi wanaomsifu Atticus wanamsifu Gregory Peck. Wameona filamu, au wameona vipande vya filamu kwenye simu, wakatoka na miwani, suti nyeupe na sauti nzito. Ugonjwa huu tunao hata sisi, wa kuzungumzia vitabu ambavyo hatujafungua, na viongozi wetu ndio wanaoueneza: mtu anapanda jukwaani na dondoo aliyotumiwa asubuhi na msaidizi wake, hajui imetoka ukurasa gani. Basi tufungue kitabu.

Atticus hakujitolea kumtetea Tom. Jaji Taylor alimpangia kesi hiyo, na Atticus mwenyewe anamwambia ndugu yake kwamba alitumaini kumaliza maisha bila kukutana na kesi kama ile. Ni mbunge wa Alabama, jimbo ambalo katiba yake ya 1901 ilitungwa makusudi kuwanyima weusi kura. Anawaambia wanawe kwamba kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan la mjini kwao mnamo 1920 hivi lilikuwa zaidi ni chama cha siasa. Mtu huyu ndiye tunayeambiwa tumuige?

Halafu kuna suala la juri, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Kesi ya Tom inasikilizwa kiangazi cha 1935, mbele ya wanaume weupe watupu. Aprili ya mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua, katika kesi ya Clarence Norris dhidi ya jimbo hilo hilo la Alabama, kwamba kuwafungia weusi nje ya juri kwa sababu ya rangi yao ni kuvunja katiba. Norris alikuwa mmoja wa vijana tisa wa Scottsboro waliosingiziwa ubakaji mwaka 1931, kesi iliyotikisa Marekani nzima. Wakili wa Alabama asingeweza kukosa kuisikia. Hatuoni popote kitabuni Atticus akilipinga juri lile. Tunachoona ni Atticus nyumbani, akitabasamu, akiwaeleza wanawe kwa nini wanawake hawakai kwenye juri. Hotuba yake ya kufunga kesi ni nzuri sana, sikatai. Lakini ni hotuba ya kuwasihi kwa upole watu kumi na wawili ambao sheria ya nchi ilikwisha sema hawakupaswa kukaa pale peke yao.

Na ile picha inayowaliza watu: hukumu imetoka, weusi waliobanwa juu roshani wanasimama wote, kimya, Atticus anapita chini yao kutoka nje. Mchungaji wao, Sykes, anamwambia Scout, binti yake Atticus, naye asimame kwa heshima ya baba yake. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na kila mara inanikera. Ndugu yao ndiyo kwanza amehukumiwa. Mkewe kuanzia saa hiyo ni kama mjane. Na mwandishi anawasimamisha wamuage wakili! Hatuambiwi Tom anawaza nini. Kesho yake weusi wanapeleka vyakula nyumbani kwa Atticus, mpaka meza ya jikoni inaelemewa. Matanga yamehamishiwa nyumbani kwa wakili.

Ukitaka kuona haki katika kitabu hiki, ingia kanisani. Calpurnia, mpishi mweusi wa akina Finch, anawachukua watoto wa Atticus siku moja kwenda kusali kwake. Mchungaji Sykes anakusanya mchango wa Helen, mke wa Tom, ambaye hakuna anayetaka kumpa kazi tangu mumewe akamatwe. Anahesabu fedha zilizomo kwenye kopo la kahawa, hazijafika dola kumi. Anaamuru milango ifungwe, hatoki mtu mpaka zitimie. Joto linapanda, watu wanatoka jasho, mmoja mmoja wanasogea mbele na kutumbukiza sarafu, na senti kumi kumi zinalia ndani ya kopo mpaka dola kumi zinapatikana. Waliofanya hivyo ni maskini wa mwisho wa mji ule. Hakuna mgeni rasmi hata mmoja niliyewahi kumsikia akiwasifu. Kwa nini? Kwa sababu hawakuvaa suti nyeupe.

Sasa huwa nasikia hoja moja, nayo husemwa kwa sauti ya busara kubwa: tusimhukumu Atticus kwa macho ya leo, zama zake zilikuwa hivyo. Zama za nani? Mwanaharakati mweusi Rosa Parks aliishi zama hizo hizo, Alabama hiyo hiyo. Mumewe Raymond alikuwa akichangisha fedha za utetezi wa vijana wa Scottsboro katika miaka hiyo ya 1930. Maelfu ya weusi waliishi zama hizo na hawakuhitaji miaka 80 ipite ndipo watambue ubaguzi ni ubaguzi. Anayesema "zama zake zilikuwa hivyo" anahesabu watu weupe tu. Hoja hii ni ya aibu, na mtu aliyesomea sheria anapoitamka aibu yake huwa maradufu.

Mwaka 2015 Harper Lee mwenyewe, au waliokuwa wakisimamia kazi zake, walichapisha Go Set a Watchman, mswada alioandika kabla ya Mockingbird. Humo Scout amekuwa mtu mzima wa miaka 26, anarudi kutoka New York na kumkuta baba yake amekaa kwenye kikao cha baraza la wazungu wanaopinga weusi kupata haki zao. Marekani ikalia. Wazazi waliowapa watoto wao jina la Atticus wakahojiwa magazetini, duka moja la vitabu huko Michigan likatangaza kuwarudishia wateja fedha zao. Watu wazima walidai kurudishiwa fedha kwa sababu mzee wa kubuni amewavunja moyo. Jambo ambalo karibu hakuna aliyelishika katika kelele zile ni kwamba ndani ya mswada ule mshtakiwa mweusi anaachiwa huru. Yaani katika safari ya kutoka mswada hadi kitabu, Atticus akapanda kuwa mtakatifu na mshtakiwa akashuka kaburini. Tafakarini hilo kabla ya kuninukulia tena hotuba.

Na wale wanaodai kitabu kiliwabadilisha watu, twende Monroeville. Mahakama ya zamani ya mji huo sasa ni makumbusho. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wenyeji huigiza humo kesi ya Tom Robinson, na juri huteuliwa kutoka kwa watazamaji. Maonyesho hayo yalipoanza, Walter McMillian, mkata miti mweusi wa kaunti hiyo hiyo, alikuwa kwenye selo za wanaosubiri kuuawa. Alikamatwa mwaka 1987 kwa mauaji ya msichana mweupe katika duka la dobi hapo mjini. Saa ya mauaji yeye alikuwa nyumbani, familia ikikaanga samaki kuchangia kanisa, na watu chungu nzima walimwona. Walimpeleka kwenye selo za kifo kabla hata kesi haijasikilizwa. Kesi ikahamishiwa kaunti nyingine yenye weusi wachache, ikaendeshwa siku moja na nusu mbele ya weupe kumi na mmoja na mweusi mmoja. Juri likapendekeza kifungo cha maisha. Jaji akakikataa, akaandika kifo. Mwaka huo ulikuwa 1988, miaka 28 baada ya kitabu, na mji huo ndio uliokuwa ukijivunia kitabu hicho kuliko mji mwingine wowote duniani.

Aliyemtoa ni Bryan Stevenson, wakili kijana mweusi, na McMillian akaachiwa Machi 1993. Stevenson hakuwasihi waungwana wa Monroeville. Alichimbua ushahidi uliofichwa, akathibitisha shahidi mkuu alishurutishwa kusema uongo, akaikaba serikali mpaka ikaachia. Baadaye, mwaka 2018, taasisi yake ikajenga huko Montgomery kumbukumbu ya weusi zaidi ya 4,400 waliouawa na makundi ya wazungu, majina yao yakichongwa kwenye vyuma. Huyo ndiye wakili wa kuwatajia watoto wetu.

Kosa hili la kumsifu wakili na kumsahau mteja linaanzia darasani, na hapa nawalaumu watunga mitihani wetu. "Eleza sifa nne za mhusika mkuu." Mtoto anafundishwa kwamba kitabu ni mtu mmoja na sifa zake, anakariri: mwadilifu, jasiri, mvumilivu, mwenye huruma. Wengine wote ni wahusika wasaidizi, alama mbili. Lakini Adam Shafi katika Kuli alituonyesha makuli wa bandari ya Unguja wakiongoza mgomo wao wenyewe, bila kumngojea bwana mwema. Tuna vitabu vya namna hiyo shelfuni, na bado tunaazima shujaa kutoka Alabama.

Mwandishi Percival Everett amekwisha onyesha la kufanya. Alichukua riwaya ya Mark Twain kuhusu Huckleberry Finn, akaisimulia upya kwa kinywa cha Jim, mtumwa aliyetoroka. Kitabu chake, James, kilitoka 2024 na mwaka uliofuata kikapata Pulitzer. Helen Robinson naye anastahili mwandishi. Nataka kujua aliwaambia nini watoto siku ile walipoletewa habari za risasi 17. Nataka kuijua ile njia ndefu aliyokuwa akiizunguka kwenda kazini, kwa sababu akikatisha karibu na nyumba ya waliomsingizia mumewe walikuwa wakimrushia vitu. Nataka kujua zile dola kumi zilimfikisha wapi, na kama alikuwepo roshani siku wale wengine waliposimama, na kama na yeye alisimama.