Tusimsingizie Mungu

Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa siku ya gulio Bugolora, Ukerewe. Watu wa kisiwa cha Ukara walivuka kwenda kuuza na kununua, na mchana wakapanda MV Nyerere kurudi makwao. Kivuko kile kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Kilipinduka karibu kabisa na gati ya Bwisya, Ukara, na waliokufa walipita 220. Yaani wafu peke yao walizidi mara mbili ya idadi iliyoruhusiwa kupanda. Kisha matangani tukaambizana yale tunayoambizana siku zote: ajali haina kinga, siku yao ilikuwa imefika, kazi ya Mungu haina makosa.

Hayo ya mwisho ndiyo ninayoyashitaki. Hutamkwa kwa unyenyekevu, na anayeyapinga huonekana amekosa imani. Lakini hebu tuyatazame yanasema nini. Yanasema kwamba waliojaza kivuko kupita kiasi walikuwa wakitekeleza mpango wa mwingine, na kwamba mwenye mpango wa kuwazamisha akina mama na watoto waliotoka gulioni ni Mungu mwenyewe. Sijui mkana Mungu yeyote aliyewahi kumtukana Mungu kiasi hicho.

Tuliyasema hayo hayo tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa walizidi 800, na baadhi yao wamelala katika makaburi ya Igoma. Tukayasema tena Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama usiku njiani kwenda Pemba, imejazwa watu mara kadhaa ya uwezo wake. Msiba unaorudi kwa njia ile ile, kwa sababu ile ile, una wenyewe. Wenyewe hao wapo bandarini na ofisini, na wengine wamo miongoni mwetu tunaosukumana kupanda chombo ambacho tunaona kwa macho kimeshajaa.

Anayefaidika na maneno haya si mjane. Yeye anarudi nyumbani na watoto wake na ada ya shule isiyolipika. Anayefaidika ni aliyeuza tiketi kuzidi nafasi, na mkaguzi aliyeangalia pembeni. Wote wawili wanaweza kusimama makaburini, kuitikia amina, na kuondoka na mikono safi, kwa sababu kosa lao limeshapandishwa mbinguni.

Najua jibu la wengi: Mungu ana hekima iliyofichika, anatufundisha kwa misiba. Kama hekima hiyo imefichika kweli, basi imefichika hata kwa huyo anayeitangaza juu ya jeneza la mtoto wa miaka mitatu. Hana ruhusa ya kuisemea. Na somo gani hilo? Mwalimu angemnyonga mwanafunzi mmoja ili darasa zima lijifunze utii, tungemwita muuaji, wala tusingengoja aeleze faida za njia yake ya kufundishia. Hatuwezi kumpa Mungu sifa ambazo kwa binadamu tungezifunga gerezani, kisha tukaita jambo hilo kumtukuza.

Mantiki yake pia inajiangusha. Kama kila kifo kimepangwa kwa ajili ya jema kubwa zaidi, wavuvi wa Ukara waliokimbilia na mitumbwi kuopoa watu walikuwa wanauingilia mpango, na waliojaza kivuko walikuwa watumishi waaminifu. Hakuna anayeamini hivyo. Tunawashukuru wavuvi, na moyo unajua kwa nini.

Au tutazame wodi ya wazazi. Takwimu za kitaifa za Tanzania za mwaka 2015/16 zilikadiria vifo 556 vya wajawazito na wazazi kwa kila vizazi hai 100,000. Zile za 2022 zilikadiria 104. Kwa vizazi na vizazi mwanamke aliyefia kwenye uchungu alizikwa kwa maneno kwamba Mungu amempenda zaidi. Je, Mungu alipunguza mapenzi yake katika miaka hiyo saba? Kinachomwokoa mzazi tunakijua: mkunga aliyefundishwa, dawa ya kuzuia damu isimwagike, damu salama ya kuongezewa, chumba cha upasuaji karibu na nyumbani. Kila mahali vitu hivyo vinapofika, kile tulichokiita mapenzi ya Mungu kinarudi nyuma.

Wanaodhani natoka nje ya dini warudi kwenye vitabu vyao. Marafiki watatu wa Ayubu walikuja na maelezo mazuri kuhusu haki ya Mungu katika mateso ya mwenzao. Mwisho wa kitabu, Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika mpaka akaitaka kesi yake isikilizwe. Yesu alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kusema walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Na Sayyidna Umar, khalifa wa Waislamu, alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia tauni imeingia huko, aliwageuza watu wake. Sahaba mwenzake Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jibu la Umar lilikuwa kwamba wanaikimbia kadari moja ya Mungu kuelekea nyingine. Imani ya mtu huyu ndiyo iliyomgeuza njia. Sisi tunaitumia kadari kupanda kivuko kilichojaa.

Limebaki gumu, na sitalikwepa. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa kila mwaka Tanzania wakiwa na selimundu. Hakuna nahodha hapa, hakuna rushwa. Mtoto amerithi chembe za damu zilizopinda, na usiku analia kwa maumivu ya mifupa hadi mama naye analia. Hapa siwezi kumnyooshea binadamu kidole kwa chanzo cha ugonjwa, na swali la kwa nini Mungu mwema ameuacha uwepo sina jibu lake. Sijaona pia jibu la mwanatheolojia yeyote ambalo ningethubutu kumsomea mama huyo saa nane za usiku. Ninachojua ni kwamba kumwambia kuwa haya yamepangwa ni ukatili, kwani kunamnyang'anya hata haki ya kulia. Ayubu aliachiwa haki hiyo. Ninachojua pia ni kwamba ipo dawa ya haidroksiyurea inayopunguza mashambulizi ya maumivu, na kwamba watoto wengi wanaoihitaji hawaipati. Hapo tena mkono wa binadamu umeshaingia.

Kwa hiyo nawaomba masheikh, mapadri na wachungaji wetu jambo moja. Chombo kingine kikizama, na jeneza likiwa mbele yao, kabla ya kututajia mapenzi ya Mungu watutajie idadi ya abiria walioruhusiwa na idadi ya waliopakiwa. Wamtaje aliyetia saini chombo kiondoke. Wakishamaliza hayo, tutaomba pamoja.