Mambo ya Nyumbani: Mgonjwa Asiyetumainiwa Kupona



Mara nyingi husemwa karibu na kitanda cha mgonjwa wa saratani, "Hapana tena la kufanya." Mwezi huu twapenda kuwapa habari za Mkristo mmoja aliyelikataa neno hilo.

Cicely Saunders alizaliwa Uingereza mwaka 1918. Alikuwa mwuguzi, lakini maumivu ya mgongo yalimtoa katika kazi hiyo, akageukia kazi ya kuwasaidia wagonjwa katika shida zao. Hivyo alimjua David Tasma, Myahudi wa Poland, aliyefariki London kwa saratani mwaka 1948, mbali na kwao. Walikuwa wamezungumza habari za nyumba ambamo watu kama yeye wangekufa kwa amani. Tasma alimwachia paundi 500, ziwe dirisha la nyumba hiyo.

Nyumba yenyewe haikuwapo. Cicely alijifunza udaktari, akafuzu mwaka 1957, naye karibu na miaka 40. Mwaka uliofuata alianza kuchunguza maumivu katika St Joseph's, nyumba ya wagonjwa ya masista huko London, akiwauliza wagonjwa na kuandika majibu yao. Desturi ya wengi ilikuwa kumngojesha mgonjwa mpaka alie ndipo apewe mofini, kwa hofu ya kwamba ataizoea. Yeye alionyesha ya kuwa dawa ikitolewa kwa saa zake, kwa kipimo kimfaacho, kabla maumivu hayajarudi, mgonjwa hutulia, na akili zake hubaki naye. Alifundisha tena kwamba maumivu si ya mwili tu, bali na ya moyo, ya roho, na ya mashaka juu ya jamaa. Mwaka 1967 nyumba yake, St Christopher's, ilifunguliwa London. Humo alifariki mwaka 2005.

Kazi ya namna hiyo imefika na kwetu. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, wagonjwa wakapata mofini ya maji, ya kunywa nyumbani.

Basi, ndugu, tusidhani ya kuwa kumnyima mgonjwa dawa ndiyo imani. Daktari akiagiza saa, zishikeni, hata kama mgonjwa hajalia. Na maumivu yakizidi, mrudieni daktari, msiongeze wenyewe. Nanyi walimu, mwendapo kumwombea, msiondoke upesi. Ketini, mmsikilize.