Tochi ya Kichwani: Tuache Kununua Namba za Kwenye Boksi

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara wa gulioni, leo sizungumzii mbegu wala mbolea. Nazungumzia tochi ya kuvaa kichwani. Hii ni zana ya kazi kama jembe na bomba la kupulizia dawa. Tofauti ni kwamba jembe unaligonga kwanza usikie mlio wake, lakini tochi unainunua kwa kusoma namba iliyochapwa kwenye boksi.

Msimamo wangu ni huu: namba kubwa kwenye boksi la tochi ya bei ya chini ni uongo, na uongo huo unaendelea kwa sababu muuzaji anaukubali na mnunuzi anaufurahia. Tochi nzuri huchaguliwa kwa vitu vitatu: uzito, saa za kuwaka, na uwezo wa kuvumilia maji. Ukali wa mwanga unakuja baada ya hivyo.

Nani anaihitaji?

Kuna wanaosema tochi ya kichwani ni ya watalii wanaopanda Kilimanjaro. Ni kweli wanazivaa, kwa sababu safari ya mwisho kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, kwa kawaida huanza karibu na saa sita usiku ili wafike jua linapochomoza. Lakini mtalii anafanya hivyo usiku mmoja tu, akiwa na mwongozaji pembeni. Wewe unafanya kazi gizani mwaka mzima.

Zamu yako ya maji mferejini imeangukia saa nane usiku. Ng'ombe anazaa na ndama amekaa vibaya. Kuku wanatakiwa kukamatwa wakiwa bandani ili wapewe tone la chanjo ya kideri jichoni. Mrina asali yuko kambini katika misitu ya Tabora kwa wiki nzima. Mvuvi yuko dagoni. Mchuuzi wa nyanya anapakia matenga saa kumi alfajiri. Kazi zote hizi zinataka mikono miwili, na hakuna hata moja inayosubiri kukuche.

Utaniambia unatumia simu. Simu ukiishika, umebaki na mkono mmoja. Ukiibana kwa meno, huwezi kumwita mwenzako. Ikidondoka mferejini, umepoteza tochi, namba za wateja na pesa ya simu kwa mpigo. Na chaji ikiisha, utapiga vipi simu ya kuomba msaada? Kumbuka kwamba nyoka aina ya kifutu hatembei sana wala hakimbii akisikia hatua zako. Analala palepale njiani mpaka umkanyage. Mwanga unapaswa kuwa pale unapotazama, na tochi ya kichwani ndiyo inayogeuka na macho yako.

Hesabu ya uongo

Mwanga wa tochi hupimwa kwa lumeni. Utakuta boksi limeandikwa lumeni 10,000, na betri ndani imeandikwa 9,900 mAh. Tupige hesabu pamoja, kama tunavyopiga hesabu ya mifuko ya mbolea kwa ekari.

Betri ya lithiamu ya duara, saizi ya 18650, ndiyo inayowekwa kwenye tochi nyingi hizi. Betri nzuri ya saizi hiyo kwa kawaida hubeba kati ya 2,000 na 3,500 mAh. Hata zile bora hazifikii nusu ya 9,900. Huo ni uongo wa kwanza.

Uongo wa pili ni mwanga wenyewe. Kwa makadirio ya kawaida, taa ya LED hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati moja. Lumeni 10,000 zinahitaji wati 100. Betri ya 2,000 mAh yenye volti 3.7 ina akiba ya wati 7.4 kwa saa moja. Gawanya: tochi hiyo ingewaka chini ya dakika tano. Na sehemu kubwa ya wati hizo hugeuka joto. Unakumbuka balbu za zamani za wati 100 zilivyokuwa hazishikiki? Nani angeivaa hiyo kwenye paji la uso?

Sasa geuza hesabu. Tochi ya lumeni 100 za kweli inatumia kama wati moja. Betri ileile itaiwasha karibu saa saba, ukiondoa kiasi kinachopotea njiani. Hiyo ni zamu nzima ya maji. Njia ya mwongo ni fupi, na njia ya tochi hizi ni fupi zaidi: inaishia katikati ya shamba.

Unahitaji mwanga kiasi gani?

Kwa kazi ya karibu, kama kukamua, kufunga magunia au kupika kambini, lumeni 20 hadi 50 zinatosha. Kwa kutembea njia ya mguu, lumeni 100 hadi 200 zinatosha. Mwanga mkali kuliko huo karibu na mikono unakuumiza macho mwenyewe, unamtisha mnyama, na unamaliza chaji. Kwa hiyo tafuta tochi yenye ngazi za mwanga, na hakikisha ngazi ya chini ni ya chini kweli. Nyingi za gulioni zina mwanga mkali, mwanga wa kati, na kumetameta. Kumetameta hakumkamui ng'ombe.

Mwanga mwekundu nao una kazi yake. Hauharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza. Na kwa mrina asali kuna faida zaidi: nyuki hawaoni rangi nyekundu, hivyo hawaifuati taa yako kama wanavyofuata mwanga mweupe.

Tahadhari moja. Kama unalinda shamba dhidi ya tembo, tochi ya kichwani ni ya kuona njia. Si silaha. Usimsogelee tembo kwa sababu una mwanga kichwani. Toa taarifa kwa uongozi wa kijiji na kwa askari wa wanyamapori.

Uzito ni sehemu ya kazi

Tochi nyepesi, pamoja na betri zake, ina chini ya gramu 100. Zile zenye kisanduku cha betri nyuma ya kisogo huweza kufika gramu 200 au zaidi. Dukani huoni tofauti. Utaiona baada ya saa mbili za kuinama: inateleza hadi kwenye nyusi, shingo inauma, mwishowe unaivua na kuishika mkononi. Hapo umerudi kwenye tochi ya mkono uliyokuwa nayo, ila hii umeinunua kwa bei ya juu.

Kabla ya kulipa, ivae. Inama kama unapalilia. Tikisa kichwa. Ikihama, iache. Angalia pia kama kichwa cha taa kinainama kuelekea chini na kubaki pale ulipokiweka.

Betri na maji

Kama nyumbani una umeme au sola, nunua ya kuchaji, na chagua yenye tundu la chaji linaloingia waya wa simu yako. Kama unakaa kambini wiki mbili bila umeme, chagua inayotumia betri ndogo kama za rimoti, saizi ya AAA, ambazo hata duka la kijijini linazo. Usichanganye betri mpya na kuukuu, na zitoe unapoiweka tochi kwa muda mrefu, maana zikivuja zinakula vyuma vya ndani.

Jihadhari na tochi za kuchaji zenye betri ndogo ya risasi na asidi, ndugu ya betri ya gari. Ni nzito, na ukiziacha bila chaji kwa wiki kadhaa zinakufa. Na tochi yoyote ya lithiamu ichaji mchana ukiwa macho, mbali na godoro na mbali na nyasi kavu. Betri ikivimba, acha kuitumia. Usiitupe motoni.

Kuhusu maji, tafuta alama ya IPX4, maana yake inavumilia maji yanayorushwa kutoka kila upande, kama mvua. IPX7 inavumilia kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Mvuvi na mwenye zamu ya mferejini wafikirie hiyo ya pili. Ukiona pia alama ya FL1, hicho ni kiwango cha upimaji wa tochi kilichotolewa Marekani mwaka 2009. Boksi la kampuni inayokifuata huonyesha lumeni pamoja na saa za kuwaka. Boksi linalotaja mwanga na kunyamaza kuhusu saa, lina sababu ya kunyamaza.

"Afisa, hela iko wapi?"

Swali hili ni la haki. Chukua mfano: unanunua tochi ya shilingi 8,000, inakufa baada ya miezi miwili, unanunua nyingine. Kwa mwaka umetumia 48,000. Mwenzako amenunua ya 25,000 ikadumu miaka miwili. Nani kati yenu alinunua ya bei rahisi? Wahenga walishasema rahisi huvunja upishi. Kama 25,000 haipatikani leo, bora ununue tochi ndogo ya lumeni 60 isiyodanganya kuliko jitu la lumeni 10,000 linalozima.

Kwako mfanyabiashara

Usiniambie "mimi nauza tu, sikutengeneza." Ukisema kwa mdomo wako kwamba tochi inawaka usiku kucha, maneno hayo ni yako. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na haikusema gulio ni nje ya sheria. Lakini weka sheria pembeni. Mteja wako ni jirani yako. Akizimikiwa na taa akiwa na ng'ombe anayezaa, kesho hatakulaumu kwa tochi tu, atahamisha na sukari yake duka la pili.

Kabla ya kuchukua katoni nzima, nunua moja. Ichaji ijae, iwashe jioni kwenye mwanga wa kati, na andika saa ambayo huwezi tena kusoma gazeti kwa mwanga wake. Kisha bandika kikaratasi dukani: "Inawaka saa sita. Nimeipima mwenyewe." Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kikaratasi hicho kitauza kuliko lumeni 10,000.

Na wewe mkulima, ukifika dukani usiulize "ina mwanga mkali?" Uliza: ina gramu ngapi, inawaka saa ngapi, ikinyeshewa je? Dai risiti na uitunze. Muuzaji akisikia maswali hayo kwa wateja kumi mfululizo, safari ijayo ataleta mzigo tofauti. Soko la kijiji linafundishwa na wanunuzi wake, na gulio lijalo ni nafasi yako ya kuanza.

Nawatakia kazi njema, mchana na usiku.