Mbuzi Naye Amevuka Oraba

Mama anafika Oraba, mpakani upande wa Uganda, akitokea Kaya, Sudan Kusini. Mgongoni kabeba mtoto, kichwani furushi na sufuria, mkononi kashika kamba ya mbuzi. Mtoto atachanjwa surua na polio. Mama ataandikwa jina, atapewa maji na chakula. Mbuzi je? Anafungwa kwenye mti, yakija yaje.

Vita vilipolipuka Juba Julai 2016 na kushuka hadi Yei na Morobo, maelfu kwa maelfu walipita kwetu Koboko wakielekea makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, Rhino Camp, Imvepi na Lobule. Waliojaliwa walikuja na mifugo. Wengine waliiacha, na mtu aliyeacha zizi ng'ambo roho yake haitulii. Atatamani kurudi kulitazama hata risasi zikilia.

Watu wa Koboko na Arua hatuna haja ya kufundishwa hilo. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, miaka iliyofuata wengi wetu tulikimbilia Sudan na Zaire. Waulizeni wazee waliporudi walikuta nini zizini.

Kwa hiyo tumechoka kuambiwa "watu kwanza, wanyama baadaye". Mbuzi ndiye ada ya shule, ndiye dawa, ndiye mbegu za msimu ujao. Akifa, mwenyewe hubaki na foleni ya mgao tu.

Tena akivuka na ugonjwa wa sotoka hafi peke yake. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Karamoja, hapa Uganda, mwaka 2007. Ikiingia zizi la mgeni leo, keshokutwa iko kwa mwenyeji, na sindano moja tu ingemkinga mbuzi kwa miaka mitatu hivi. Mbwa asiyechanjwa naye aweza kuvuka na kichaa cha mbwa, na kichaa hicho huua watu.

Halafu kuna mashamba. Mbuzi asiye na zizi hula mihogo ya jirani, na kesho yake wenyeji na wakimbizi wanarushiana maneno.

Dawa ya haya yote inajulikana. Uganda ina sera ya taifa ya maafa tangu 2010. Mwongozo wa kimataifa wa kusaidia mifugo wakati wa dharura, LEGS, ulitoka mwaka 2009. Marekani ilishuhudia mwaka 2005, wakati wa kimbunga Katrina, watu wakikataa kuokolewa bila mbwa wao. Mwaka uliofuata ikatunga sheria ya kuwaingiza wanyama wa nyumbani kwenye mipango ya uokoaji.

Sisi hatudai makubwa. Daktari wa mifugo wa wilaya akae kwenye kikao cha kwanza cha maafa, asingoje kupigiwa simu mizoga ikishanuka. Kituo cha mapokezi kiwe na zizi la miti na hori la maji. Chanjo ziwe kwenye friji kabla wageni hawajafika. Fomu ya usajili iongezwe swali moja: umekuja na wanyama wangapi? Na anayegawiwa kiwanja aoneshwe pa kulishia, wenyeji wakiwapo na wakikubali.

Miti ipo, mafundi wapo, na nguzo huchimbiwa wakati wa utulivu, si wakati wa kukimbia. Zizi lijengwe sasa. Siku milio ya risasi itakaposikika tena Kaya, yule mama atakuja na kamba yake mkononi, na safari hii awepo mtu wa kuipokea.