Ukitaka Kukata, Uliza Kwanza!

Mwezi umekatika tena, na mimi kama kawaida nipo kibarazani kwangu hapa Mtoni, chai mkononi, kelele za Kilwa Road zikisikika kwa mbali. Leo sizungumzii fumanizi wala kichen pati. Nataka nikusimulie kitu nilichojifunza chuoni, nikakisahau, halafu kikanirudia ndani ya ndoa yangu.

Nilipokuwa nasomea mawasiliano, wanafunzi tulianzisha jarida letu. Mimi nikapewa kazi ya kupanga kurasa, si kwa sababu nilijua, bali kwa sababu nilikuwa na kompyuta yangu mwenyewe!

Mwenzangu, pale nilisoma shule nyingine. Nilijifunza kwamba jarida la kubana pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, maana karatasi moja ukiikunja inazaa kurasa nne. Ukiwa na kurasa 22, ama uongeze mbili ama upunguze mbili, hakuna ujanja. Nilijifunza kwamba rangi inayong'aa kwenye kompyuta inaweza kutoka imepooza kwenye karatasi, kwa sababu kioo kinatumia mwanga na mashine inatumia wino. Na nilijifunza kuacha nafasi nyeupe. Mwanzoni nilijaza kila kona, yaani kama kabati la bibi harusi, mpaka mchapaji mmoja mtu mzima akaniambia, "Binti, jicho nalo linataka kupumua."

Lakini ujuzi niliojivunia kuliko wote ulikuwa kukata. Hapo ndipo nilipoharibu.

Kijana mmoja alituletea makala kuhusu mama yake, aliyemsomesha kwa kukaanga samaki pale Feri. Maneno 1,200. Nafasi niliyokuwa nayo ni ya maneno 800, na kesho yake asubuhi kazi inatakiwa kwa mchapaji. Nikaanza kukata kutoka chini, si unajua tena, tulifundishwa kwamba habari muhimu hukaa juu. Maneno 400 yakaenda na maji. Ukurasa ukatulia, wenzangu wakanisifia. Simu nilikuwa nayo, namba yake nilikuwa nayo. Sikumpigia.

Jarida lilipotoka alinifuata. Hakugomba. Alifungua ukurasa wake akaniuliza, "Dada, mwisho wake uko wapi?" Kumbe kwenye aya mbili za mwisho ndimo alimomshukuru mama yake kwa jina, na alikwishamwahidi kumpelekea nakala. "Ungeniuliza, ningekuambia ukate mwanzo," akasema. Nakala zote zilikuwa zimeshachapwa. Hakutuandikia tena.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba darasani mimi ndiye nilikuwa msemaji mkuu wa uhuru wa maoni. Tulijadili habari za Cheche, jarida la wanafunzi wa Mlimani lililoanza Novemba 1969. Wale hawakuwa na kompyuta, walipiga chapa kwenye stensili na kutoa nakala kwa mashine ya wino. Mwaka 1970 walitoa makala ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kimyakimya ya kitabaka nchini, na Novemba mwaka huohuo jarida likapigwa marufuku. Mmoja wa wahariri wake, Karim Hirji, alikuja kutoa kitabu cha kumbukumbu zao mwaka 2010. Basi mimi niliwashutumu sana waliowafunga midomo vijana wale. Kumbe na mimi, kwa mkasi wangu mdogo, nilishamfunga mtu mdomo, tena akimshukuru mama yake.

Sasa njoo kwenye ndoa. Mwaka jana mume wangu aliniambia mama yake anakuja kutoka mkoani, atakaa kwetu miezi miwili akihudhuria kliniki ya macho. Nyumba yetu ina vyumba viwili, watoto wawili, na mimi narudi kazini usiku. Akili ya uhariri ikaamka: maneno mengi, nafasi ndogo. Nikampigia wifi yangu anayekaa Kinondoni, tukakubaliana kwamba mama akae kwetu wiki tatu, siku zinazobaki akae kwake. Safi kabisa! Mume wangu akaja kuzisikia habari hizo kwa dada yake.

Alikaa kimya siku mbili. Kisha akasema, "Mke wangu, ungeniuliza tu. Tangu baba afariki, sijawahi kukaa na mama hata mwezi mzima."

Nikamkumbuka yule kijana. Nilikuwa nimekata mwisho tena.

Nilimwomba msamaha, na wifi naye nikampigia. Halafu tukakaa mezani na kalamu na karatasi, safari hii wote wawili. Nikamwambia ukweli kwamba nimechoka. Yeye akakata mpira wake wa Jumamosi na kuchukua zamu zote za kliniki. Watoto wakahamia sebuleni. Mama alikaa miezi miwili kamili. Sikudanganyi kwamba ilikuwa raha tupu, tulikwaruzana kuhusu chumvi na runinga. Lakini jioni nilikuwa nawaona mtu na mama yake kibarazani wakicheka, na mimi najua ni kitu gani nilitaka kukitupa.

Kupunguza hakukwepeki, mpenzi msomaji. Mshahara hautoshi, muda hautoshi, chumba hakitoshi. Ila kila mtu ana aya yake isiyokatwa, na anayeijua ni yeye. Kwako inaweza kuonekana ya ziada, kwake ndiyo iliyomfanya aandike. Kwa hiyo kabla hujashika mkasi, muulize mwenzio: ipi niiache?

Ile makala ya maneno 1,200 sina tena. Kwenye kompyuta nilihifadhi ile fupi tu.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.