Chandarua Peke Yake Hakitoshi

Wenzangu wengi hudhani ya kuwa mtu akilala ndani ya chandarua kazi imekwisha. Mimi sikubali. Chandarua ni kitu chema, maana mbu wa malaria huuma usiku. Lakini yuko mwingine, mwenye madoa meupe miguuni, aumaye mchana, naye hueneza homa ya manjano na dengi. Wala magonjwa haya si ya mbali: virusi vya Zika viligunduliwa mwaka 1947 papa hapa Uganda, karibu na Entebbe.

Mbu huyu hutaga katika mitungi, makopo na matairi makuukuu. Toka yai hata kuruka huchukua kama siku 7 hadi 10. Basi tukimwaga maji yaliyotuama kila juma, na kuusugua mtungi ndani, kwa kuwa mayai hugandama kandoni, wengi hawatawahi kuruka.

Haya yote twayaandika vizuri katika mtihani. Mbona nyumbani twamwachia mama peke yake? Likizo hii kila mwanafunzi na apindue makopo ya kwao kwanza, ndipo amwonye jirani.